Kutoka Kasese mpaka Interlaken: namna ya kupanga safari ya milima, maziwa na theluji ya Uswisi

Mi nimekulia Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa hiyo mlima wenye theluji sikuuona kwanza kwenye TV, niliuona nikiwa nimesimama mlangoni kwetu. Ukiamka mapema kabla mawingu hayajapanda, Rwenzori inakuwa imekaa pale juu nyeupe, alafu ikifika saa tatu imeshafunikwa na hutaiona tena mpaka kesho, saa ingine mpaka wiki ijayo. Wakonzo, watu wa pale, wanaita theluji nzururu, na jina la mlima limetoka huko huko. Naanza na hili kwa sababu Uswisi nimekuta mambo ni yale yale, mlima unajificha na kujitokeza kwa saa zake, na mtu akipanga safari kama anaenda harusini, yaani tarehe fulani saa fulani lazima niwe juu, atalipa pesa nyingi sana kuangalia ukungu. Nimewaona watu wakishuka kwenye treni wamenyamaza, wametoka mbali, hawajaona kitu. Iliniuma, ndo maana naandika haya.

Nitazungumzia eneo moja tu, Interlaken na vijiji vyake kwenye jimbo la Bern, kwa sababu nimeenda mara mbili, mara moja Januari na mara moja Julai, na kwa sababu pale unapata vyote kwa pamoja, maziwa, treni za milimani na viwanja vya ski, yaani kuteleza kwenye theluji. Jina Interlaken maana yake ni katikati ya maziwa. Upande mmoja kuna ziwa Thun, upande mwingine ziwa Brienz, na mto Aare unayaunganisha ukipita mjini. Juu yake vimesimama vilele vitatu, Eiger mita 3,967, Mönch mita 4,110 na Jungfrau mita 4,158. Margherita yetu, kilele cha juu cha Rwenzori, ni mita 5,109, kwa hiyo kwa urefu hawatushindi. Tofauti ni kwamba kule wamejenga reli mpaka juu.

Sasa kuna kitu watu hawakitegemei. Mji wa Interlaken uko mita 570 hivi juu ya bahari, na Kampala iko karibu mita 1,200. Hata Grindelwald, kijiji cha ski kinachojulikana dunia nzima, kiko mita 1,034, chini ya Kampala! Mürren iko mita 1,638 na bado mtu wa Kabale anaishi juu kuishinda. Kwa hiyo ile baridi haitoki kwenye urefu, inatoka kwa kuwa mbali na ikweta. Januari jua linachomoza kama saa mbili asubuhi, linapita chini chini nyuma ya milima, na saa kumi na moja jioni halijafika limeshazama. Kigezi, upande wa Kabale, wanaiita Uswisi ya Afrika na ukikaa pale ziwa Bunyonyi unaelewa kwa nini, vilima vinafanana kabisa, lakini mtu asikwambie kwamba baridi ya Kabale imemuandaa kwa Januari ya kule. Haijamuandaa.

Uende lini

Kama unataka ski nenda kati ya mwisho wa Desemba na Machi. Kama unataka maziwa, kutembea milimani na kupanda boti, nenda Juni mpaka Septemba, na mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa sisi tuliozoea saa moja hivi kila siku ya mwaka ni ajabu kweli. Epuka Novemba, na pia mwisho wa Aprili na Mei, kwa sababu kebo nyingi, yale mabehewa yanayoning'inia kwenye waya, zinafungwa kufanyiwa matengenezo na theluji ya chini imeshakuwa matope. Tiketi ya ndege miezi hiyo inaweza kuwa rahisi, ila utafika ukute milango imefungwa.

Viza

Uswisi haiko Umoja wa Ulaya lakini iko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2008, kwa hiyo unaomba viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure, na ukikataliwa ile ada hairudi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15. Jibu kawaida linachukua siku 15, lakini wanaweza kwenda mpaka 45, kwa hiyo usingoje mwezi wa mwisho. Ukitembelea nchi zaidi ya moja unaomba kwa ile utakayolala siku nyingi zaidi. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki na miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka kule. Bima ya safari lazima ilipe angalau euro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani.

Kinachoangusha watu wetu ni kushindwa kuonyesha kwamba watarudi. Taarifa ya benki iwe na maisha ndani yake, mshahara unaingia, ada za shule zinatoka, biashara inazunguka, si akaunti iliyolala mwaka mzima alafu wiki moja kabla ya kuomba inaingia milioni 20 kutoka kwa shemeji. Hilo wanaliona mara moja. Kama kweli kuna mtu anakusaidia gharama, andika barua ya wazi na uweke karatasi zake. Ambatisha barua ya likizo kutoka kazini, au karatasi za usajili wa biashara na kodi kama umejiajiri, hati ya shamba kama unayo, vyeti vya watoto.

Na jamani, broker. Kuna mmoja Kampala alimwambia jirani yangu viza ni ya uhakika, akachukua pesa akaweka barua ya hoteli ya uongo kwenye faili, na yule mama alikataliwa kwa kosa ambalo hata hakujua limefanywa kwa jina lake. Hakuna mtu nje ya ubalozi anayeweza kukuhakikishia viza. Jaza fomu mwenyewe, na kama Kiingereza cha fomu kinakusumbua keti na mtoto wako au mwalimu unayemuamini, msome mstari kwa mstari. Ukikataliwa wanakupa sababu kwa maandishi na una haki ya kukata rufaa, au unarekebisha lile lililokosekana na kuomba upya.

Nguo, usinunue kila kitu kipya

Nenda soko la Owino, Kampala. Makoti ya baridi yanakuja kwenye mitumba na wateja si wengi kwa sababu Kampala hakuna anayeyahitaji, bei inashuka. Kagua zipu mpaka mwisho, geuza ndani uone kama mshono umeachia, alafu omba maji kidogo umwagie juu ya mkono wa koti. Maji yakiteleza na kuanguka hilo linafaa, yakinyonywa liache, maana theluji ikiyeyuka juu yako utalowa mpaka ndani. Siri ya baridi ni tabaka. Ndani nguo inayobana mwili, ya sufu au ya zile nguo za michezo zinazokauka haraka, katikati sweta au flisi, juu koti lisilopitisha maji na upepo. Jinzi na tisheti za pamba ni adui, pamba ikilowa jasho au theluji inakaa na baridi haikauki. Buti, soksi na glavu mi ningenunua nzuri hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu vidole ndo vinaanza kuumia. Suruali ya ski usinunue, utakodi kule.

Chukua miwani ya jua na krimu ya jua, hata sisi weusi. Theluji inarudisha jua usoni kama kioo na siku moja tu inatosha macho kuwasha usiku kucha. Chukua na mafuta ya shea ya kule Lira na Gulu, hewa ya baridi inapasua midomo na mikono vibaya na sikuona kitu kilichoyashinda. Adapta ya umeme pia, plagi zetu za miguu mitatu minene haziingii kule.

Kufika na mahali pa kulala

Kutoka Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja mpaka Uswisi, utabadilisha Brussels, Amsterdam, Istanbul, Addis, Doha au Dubai. Shuka Zurich. Stesheni ya treni iko hapo hapo chini ya uwanja wa ndege, na mpaka Interlaken Ost ni kama masaa mawili na robo, mara nyingi unabadilisha Bern. Treni hazina geti la kuingilia, unapanda tu, lakini mkaguzi anapita na faini ya kukosa tiketi ni kubwa, usijaribu hata mara moja. Weka apu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, kwenye simu, inaonyesha ratiba, jukwaa na inauza tiketi. Ikisema 14:32 ni 14:32, dakika mbili baadaye hakuna treni. Sisi tulioishi na teksi za kungoja zijae hili linahitaji kuzoea.

Chagua kitanda kimoja ukae hapo hapo siku zote. Kuhamahama kati ya vijiji kunakula pesa na asubuhi zako. Interlaken ni rahisi zaidi, kuna hosteli ya vijana kando ya stesheni ya Ost, na ukilala mjini wanakupa kadi ya mgeni inayokupandisha mabasi ya pale bure. Ukitaka kuamka ukiwa tayari mlimani lala Lauterbrunnen, ambayo ni bonde lenye kuta za mawe pande zote na maporomoko ya maji 72. Lile kubwa la Staubbach linaanguka karibu mita 300 mbele ya nyumba za watu. Nilisimama pale asubuhi ya kwanza ya Julai maji yanageuka moshi kabla ya kufika chini na nikamkumbuka baba yangu, angependa sana kuona. Wengen na Mürren ziko juu zaidi na hazina magari kabisa, unafika kwa treni au kebo na mizigo yako unaivuta kwenye theluji, kwa hiyo beba begi jepesi.

Kitu kimoja kitakuokoa: treni ya kutoka Interlaken Ost inakatwa vipande viwili pale Zweilütschinen, nusu inaenda Lauterbrunnen na nusu inaenda Grindelwald. Soma ubao wa behewa lako kabla ya kukaa. Nilikutana na familia ya Kihindi, baba yuko upande mmoja na watoto upande mwingine, wameshaachana.

Siku ya kupanda juu

Reli ya Jungfrau ndiyo wote wanaitaka. Ilianza kuchimbwa 1896 na mwenye wazo, Adolf Guyer-Zeller, akafa 1899 kabla haijaisha, wakafungua 1912, zaidi ya kilomita 7 za handaki ndani ya Eiger na Mönch. Stesheni ya mwisho, Jungfraujoch, iko mita 3,454 na hakuna ya treni iliyo juu yake Ulaya nzima. Ukitoka pale unaona mto wa barafu wa Aletsch umelala kama barabara kubwa nyeupe ya zaidi ya kilomita 20, mrefu kuliko yote ya Alps. Kwa mtu wa Kasese ule mto una maana nyingine. Barafu ya Rwenzori tunaiona ikipungua tangu tukiwa watoto na wazee wanaonyesha kwa kidole ilipofikia zamani, na kule pia Waswisi wanasema hivyo hivyo kuhusu Aletsch. Nilisimama kwa muda mrefu.

Lakini bei kamili ya kwenda na kurudi inapita faranga 200, na faranga moja ni zaidi ya shilingi 4,000 zetu, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo fanya hivi. Usinunue tiketi ya siku maalum ukiwa Kampala. Panga kukaa angalau usiku nne, tano ni bora, na kila asubuhi ukiamka fungua kamera za moja kwa moja za Jungfraujoch kwenye simu, ni bure, zinaonyesha hali ya juu dakika ile ile. Ukiona anga ni ya bluu, kunywa chai haraka uende, treni za kwanza kwanza, kwa sababu mchana mawingu yanapanda kama Rwenzori tu. Ukiona kweupe hakuna kitu, acha, nenda ziwani au bondeni, kesho ipo. Watu wanaangalia hali ya hewa ya mjini wakati mjini kunaweza kuwa na mvua na juu kuna jua kali, au kinyume chake, hasa Januari ukungu unalala juu ya ziwa na ukipanda kidogo tu unatoka kwenye mwanga. Angalia kamera, si dirisha.

Juu utembee polepole. Kutoka mita 570 mpaka 3,454 kwa masaa mawili mwili unashtuka, kichwa kinauma, ngazi chache tu unahema. Kunywa maji, usikimbie, na kichwa kikizidi panda treni ya kushuka, kushuka ndo dawa. Mtoto mdogo sana au mtu mwenye shida ya moyo aulize daktari kabla.

Kama pesa haitoshi kwa Jungfraujoch usijione umekosa safari. Harder Kulm unafika kwa treni ya kuvutwa na kamba dakika 10 kutoka Interlaken, mita 1,322, na unaona maziwa yote mawili na vilele vyote vitatu mbele yako. Inafungwa wakati wa baridi. Kuhusu pasi za usafiri, ile ya Swiss Travel Pass inakupa treni, mabasi na boti za maziwa, inakufikisha mpaka Wengen, Mürren na Grindelwald bila kulipa tena, na Jungfraujoch inapunguza asilimia 25. Ukiwa unakaa Interlaken tu bila kuzunguka nchi, kadi ya nusu bei mara nyingi inatoka rahisi zaidi. Andika safari zako zote kwenye karatasi ujumlishe kabla ya kuchagua. Watoto wa miaka 6 mpaka 15 wakiwa na mzazi mwenye pasi wanasafiri bure, omba kadi ya familia.

Ski kwa ambaye hajawahi

Usianze bila mwalimu. Kodi vifaa kijijini, ski, buti, helmeti na fimbo, na uwaambie ukweli kwamba ni mara ya kwanza, wanachagua ski kwa urefu na uzito wako. Buti ikubane kama mkono umeshika kifundo, kisigino kisipande ukiinama mbele, lakini vidole vichezecheze. Soksi moja ndefu, si mbili, mbili zinakunjamana na kukata damu. Grindelwald kuna kiwanja cha wanaoanza kinaitwa Bodmi, na Wengen kipo katikati ya kijiji. Siku ya kwanza utajifunza kusimama, kuanguka kwa upande na kufunga breki kwa kuleta ncha za mbele pamoja, nyuma zimeachana. Usiegemee nyuma ukiogopa, ndo unaongeza spidi, egemea mbele magoti yamekunjwa.

Njia zina rangi, bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi kwa wanaojua. Kaa bluu. Wengen kila Januari kuna mashindano ya Lauberhorn, yalianza 1930, njia yake ina karibu kilomita 4 na nusu, ndefu kuliko zote kwenye mashindano ya dunia ya kushuka. Ukibahatika wiki hiyo nenda ukaangalie tu. Na usitoke nje ya njia zilizowekwa alama hata ukiona nyayo za wengine, theluji iliyotulia inaweza kuporomoka na kumzika mtu kwa sekunde. Hatari hiyo inatangazwa kila siku kwa ngazi 1 mpaka 5.

Soma bima yako. Bima nyingi za viza hazilipi ajali ya ski wala helikopta ya uokoaji, unaongeza pesa kidogo wanaandika. Namba za dharura ni 144 ya ambulensi, 112 ya jumla, na 1414 ya helikopta za Rega. Ziandike kwenye simu kabla ya kutoka. Ski ikikushinda kuna sleji, kigari cha kuteleza ukiwa umekaa, kuanzia Faulhorn juu ya Grindelwald kuna njia ya sleji ya kilomita 15, ila lazima upande kwa miguu masaa mawili na zaidi kuifikia, za karibu zipo fupi.

Maziwa, chakula na pesa

Siku ya mawingu ni siku ya ziwa. Brienz lina rangi ya kijani na bluu kwa sababu ya unga wa mawe unaosagwa na barafu juu na kuletwa na mito, na ni dogo sana ukilinganisha na Nalubaale, yaani ziwa Victoria, kilomita za mraba 30 tu, lakini lina kina cha mita 260, Nalubaale haifiki hata 90. Maji yake ni baridi hata Julai, ingia taratibu ukiwa na mwenzio, na mto Aare usiuingie kabisa kama hujui mkondo wake. Ziwa Thun kuna meli ya mvuke inaitwa Blümlisalp ya 1906, mwaka ule ule Mwitaliano Duke wa Abruzzi alipofika kilele cha Margherita, bado inafanya kazi wakati wa kiangazi. Boti za Brienz wakati wa baridi ni chache sana, angalia ratiba. Iseltwald kuna gati moja dogo lilijaa watu wa picha mpaka wakaweka geti la faranga 5, ila kijiji chenyewe kutembea ni bure na ni kizuri kuliko gati.

Kula mgahawani kila siku kutakumaliza. Mkabala na stesheni ya Ost kuna supamaketi ya Coop, nunua mkate, jibini, matunda, kuku wa kuchoma, upike hosteli. Jumapili maduka mengi yanafungwa, nunua Jumamosi. Maji ya bomba na ya chemchemi za mitaani ni safi, jaza chupa, isipokuwa palipoandikwa "Kein Trinkwasser", hayo si ya kunywa. Jaribu rösti, viazi vya kukwaruza na kukaangwa, mtu wa Kabale atajisikia nyumbani. Fondue ya jibini inapikwa na divai nyeupe, kama dini yako hairuhusu uliza kabla. Wanatumia faranga, si euro, na laini ya simu ya nchi nyingine ya Ulaya inaweza isifanye kazi Uswisi au ikakukata pesa nyingi, hakikisha kifurushi kinataja Uswisi kwa jina.

Njiani milimani watu wanasalimiana, kule Bern wanasema "Grüessech", itikia tu hivyo hivyo. Kwenye treni sauti chini, simu bila spika.

Siku ya kuondoka rudisha vifaa vya ski jioni ya kabla, duka asubuhi linachelewa kufungua na treni haingoji. Na kadi yako ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti tangu siku ya kwanza, Entebbe wanaiuliza ukirudi.